Mistari ya Viazi Mliyoichimba Mkiniombea

Ndugu zangu, Bwana ni mwema, na kwa jina lake nawasalimu nyote, hata nyinyi wa viti vya nyuma ambao leo mnatazama viatu vyenu. Naitwa Wawira, mke wa Mwenda. Wengi wenu mnaniita Mama Kendi. Wengine mna jina lingine mlilonipa, na hilo nitalifikia.

Wiki iliyopita Mama Karimi alikuja nyumbani kwangu. Mnamjua, ni kiongozi wa kikundi chetu cha maombi na ni jirani yangu, shamba lake na letu yametengwa na ua wa maua tu. Alinikuta nikiosha vyombo, akaniambia nijiandae, Jumapili nitasimama mbele ya kanisa nishuhudie jinsi nilivyofunguliwa. Akanipa na maneno ya kusema. Niseme kwamba nilitoka kwetu na roho ya mbuzi, nikaingiza vitu vya giza kwenye shamba la mume wangu, kisha kikundi cha maombi kikaja, kikachimba, kikavunja nguvu hizo, na sasa shamba linazaa. Nikamwambia sawa, nitashuhudia. Basi nimekuja. Ila nitashuhudia yaliyotokea, si yale niliyopangiwa, na ninamwomba Pasta kwa heshima aniache nimalize.

Nina hasira. Nasema mapema ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilipandwa na kitu hapa madhabahuni. Ni hasira ya kawaida ya mtu mzima. Nimeiombea itoke na haijatoka, nikaona labda Mungu ameiacha ili nipate nguvu ya kusimama hapa, kwa sababu kwa kawaida mimi ni mwoga wa kuongea mbele ya watu.

Nilizaliwa Kiambere, kule chini karibu na bwawa. Kwetu ni jua, mawe na mbuzi. Baba yangu anafuga, na babangu mkubwa anafuga, na boma letu limekaa mahali pamoja tangu nikiwa mtoto, kwa hivyo samadi yake imejilundika mpaka ukiingia unazama kidogo. Nyinyi wa huku juu Meru mnawapenda mbuzi wetu. Kwenye harusi na mahari mnawatafuna mpaka mfupa unabaki mweupe. Lakini msichana wa kule akiolewa huku, minong'ono inaanza. Ati watu wa kule wanajua dawa. Ati chakula chake usile mpaka aonje kwanza yeye. Niliyasikia tangu nilipoingia hapa, nikacheka, nikidhani ni utani wa kumkaribisha bibi harusi.

Sasa sikilizeni habari ya shamba, kwa maana ndilo lililoniletea haya yote.

Shamba la Baba Kendi limepandwa viazi tangu enzi za marehemu baba yake. Viazi msimu huu, viazi msimu ujao, bila kupumzika na bila kubadilisha. Mbolea ni ile moja ya dukani, DAP, unachota kwa mkono unatupa kwenye mtaro, unafukia. Samadi ya ng'ombe wetu ilikuwa ikiuzwa kwa watu wa miraa au ikimwagwa kando ya njia, kwa sababu hapa mtu anayebeba samadi kwenda shambani anaonekana maskini ambaye hawezi kununua mbolea ya gunia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukilima, na hivyo ndivyo wengi wenu mnavyolima hadi leo.

Na shamba likachoka. Viazi vilikuwa vikitoka vidogo kama ndimu. Kikubwa ukikikata katikati kina shimo. Ukivichemsha vinageuka vyeusi, mtu anakula akifumba macho. Ukiviweka ghalani vinaanza kuoza kabla ya Jumapili mbili kupita. Wanunuzi walikuwa wakisimamisha lori kwa Mama Karimi, wanaangalia, wanakuja kwetu, wanaangalia, wanaondoka.

Mama mkwe wangu alianza kusema, "Tangu uje." Alisema taratibu kwanza, halafu akasema mbele ya wageni. Tangu Wawira aje, shamba limekataa. Na watu wakaitikia. Ndugu zangu, mko na kumbukumbu fupi sana mkitaka. Siku ya harusi yangu mlikula mukimo wa viazi vya kupondwa hapa uwanjani mpaka mkafungua mikanda. Viazi vya ule mukimo vilinunuliwa kwa watu, kwa sababu vya shamba la Mwenda vilikuwa vimeshindwa hata kulisha wageni wa harusi yake mwenyewe. Mama Karimi, wewe ndiwe uliyevimenya. Mimi wakati huo nilikuwa bado nimevaa shela. Nitaharibu shamba namna gani nami sijawahi hata kulikanyaga?

Mwaka jana nilienda Embu mjini kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Nikiwa kule nikasikia afisa wa kilimo anafundisha wakulima, na kwamba ukija na udongo wako wataupima. Nikampigia Baba Kendi, naye akanitumia udongo wa shamba kwenye mfuko wa unga kwa gari la asubuhi. Alinicheka kwenye simu, lakini alituma, na kwa hilo namshukuru.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Aliniita kando siku ya kurudi kuchukua majibu, akaniambia, "Mama, shamba lenu lina asidi nyingi, na halina chakula cha kushika hiyo mbolea mnayotia. Mnamwaga tu." Akanieleza kwamba ile mbolea ya dukani ikitiwa peke yake miaka na miaka, udongo unakuwa mchachu na unabaki mtupu, kama mtoto anayenyweshwa chai ya sukari kila siku na hapewi ugali. Dawa yake ni kwanza chokaa ya shambani, kwa kipimo, kwa sababu ukizidisha ngozi ya kiazi inakwaruzika. Halafu wakati wa kupanda, unatia samadi iliyoiva vizuri ikiwa imechanganywa na mbolea ya madini, pamoja na potashi ambayo ndiyo inafanya kiazi kiwe kigumu na kisiwe cheusi. Samadi inashika madini yasioshwe na mvua, madini yanaipa samadi nguvu ambayo peke yake haina. Akasema mbolea za mchanganyiko huo zipo madukani zikiwa tayari, lakini mwenye samadi nzuri anaweza kujichanganyia.

Mwenye samadi nzuri. Ndugu zangu, mimi nilisimama pale Embu nikacheka peke yangu kama mwehu. Nimetembea maisha yangu yote juu ya samadi.

Nilienda Kiambere. Baba hakuamini kwamba bintiye aliyeolewa kwenye nchi ya kijani amekuja kuomba mavi ya mbuzi. Akanipa mahali nyuma ya boma, nikalundika, nikawa namwagia maji na kufunika kwa nyasi. Nilipokuwa sipo ndugu yangu alikuwa akigeuza. Iliiva mpaka ikawa haina joto na haina harufu, ukishika ni kama udongo mweusi wa msituni. Kisha nikapandisha magunia yangu kwenye lori.

Lori lenyewe ndilo linanichoma moyo. Kuna lori linalotoka kule chini kila mara likiwa limejaa samadi ya mbuzi, linapitia hapa barabarani likielekea Maua kwa wakulima wa miraa. Nyinyi nyote mmeliona. Mmelipungia mkono. Linapopita likiwa na mlima wa samadi ya Kiambere, linaitwa biashara, na dereva anakaribishwa chai. Wawira aliposhusha magunia yake machache kutoka kwenye lori hilohilo, ikaitwa dawa. Nielezeni tofauti. Nimeitafuta na sijaiona, isipokuwa kwamba dereva ni mwanamume na si mke wa mtu.

Chokaa nilianza nayo kabla ya mvua. Ni unga mweupe mwepesi sana, na upepo wa huku mnaujua. Kwa hivyo nilienda asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Nikajifunga leso usoni nisivute vumbi lake. Na nikawa natembea kinyumenyume, kwa sababu ukitembea ukitazama mbele unajirushia machoni na unakanyaga ulipomwaga. Huyu afisa mwenyewe alinionyesha hivyo kwenye uwanja wa Embu mbele ya watu, na hakuna aliyekimbia.

Mama Karimi alikuwa akikata nyasi upande wa pili wa ua. Akaona mwanamke wa Kiambere, uso umefunikwa, anatembea kinyumenyume kwenye shamba alfajiri, anamwaga unga mweupe. Nakubali, mama, ukiangalia vibaya inatisha. Hata mimi nimecheka siku moja nikiwaza nilivyoonekana. Lakini ua ule ni mfupi. Ungeniita. Ungesema tu, "Mama Kendi, hiyo ni nini unamwaga?" Ningekujibu, tena ningekugawia. Wewe ukaenda nyumba kwa nyumba.

Kufikia jioni kila mtu alikuwa na habari. Nilipoenda dukani kununua chumvi, mwenye duka alisogeza mkono wake nilipompa pesa. Sikuelewa bado. Nikaendelea na kazi yangu. Nilichanganya samadi na mbolea ya madini juu ya turubai nyuma ya jikoni, nikichekecha ili ibaki laini. Mawingu yalipoanza kushuka nikaona nitachelewa, gunia la mwisho nikalimwaga bila kulichekecha. Tukapanda, mimi na Baba Kendi, shamba zima. Mbegu ileile ya Shangi ambayo hata nyinyi mlipanda.

Jumamosi moja, mbegu zikiwa bado ardhini, nilirudi kutoka kisimani nikakuta watu shambani. Kikundi cha maombi. Majembe yenu, nyimbo zenu, na chupa ya mafuta. Mama mkwe alikuwa amewafungulia lango. Mlianza na mistari ya upande wa njia, mkawa mnachimba mkiondoa ule udongo mweusi wote kwa karai, pamoja na mbegu zangu.

Na mkapata pembe.

Ndiyo. Pembe ya mbuzi, ncha tu, ndogo kama kidole gumba, na manyoya yameshikana nayo, na kipande cha kamba. Ilitoka kwenye lile gunia ambalo sikulichekecha. Bomani kwetu mbuzi hupigana, pembe hukatika, manyoya hunyonyoka, kamba ya kufungia mwanambuzi hukatika ikakanyagwa. Fagia boma lolote chini ya jua utapata hivyo vitu. Lakini nyinyi mlipoiona mlipiga kelele mpaka Kendi wangu akaanza kulia ndani ya nyumba. Pembe. Mganga hubeba dawa yake kwenye pembe, kwa hivyo mwenye pembe ni mganga. Basi.

Mlinishika. Sitataja nani alishika wapi. Mlinisukuma magoti yangu yakapiga kwenye majembe, mkanimwagia mafuta kichwani, mkaniambia nitaje jina la pepo. Nikasema ni samadi. Mkasema huyo pepo ni mjanja. Nikasema ulizeni Embu, kuna afisa. Mkasema pepo anajificha nyuma ya elimu. Pembe ikapelekwa uwanja wa kanisa ikachomwa kwa petroli. Udongo wangu, ambao niliusubiri ukiiva tangu kiangazi, ukatupwa mtoni. Nilitazama ukienda na maji, na hapo ndipo nililia, si wakati mlikuwa mnanishika. Mvua ikawafukuza, mistari iliyobaki hamkuigusa.

Kutoka siku hiyo niliitwa murogi. Mchawi. Baada ya siku ile hamkuniita tena mbele yangu, isipokuwa watoto, kwa sababu watoto husema wanachosikia mezani. Kendi alirudi kutoka shule akaniuliza murogi ni mtu wa aina gani, na kama yeye pia ni murogi mdogo.

Mama mkwe aliita kikao nyumbani. Tulikuwa watatu tu: yeye, Baba Kendi na mimi. Akasema hawezi kuzeeka kwenye boma lenye vitu hivyo. Akamwambia mwanawe, "Mrudishe kwao. Msichana abaki, huyo ni wetu." Nikamtazama mume wangu. Mwenda ni fundi wa mawe, mikono yake inavunja mwamba, lakini mbele ya mamake anakuwa maji. Akasema, "Nenda kwanza, mambo yatulie." Aniambie hivyo mimi, na mtoto nimwache.

Nilikataa. Nikamwambia Mama, mbele ya mwanawe, kwamba siondoki viazi vyangu vikiwa ardhini. Tungoje tuvune. Tukivuna takataka kama zile za miaka yote, nitajibebea nguo zangu mwenyewe na sitamshika Kendi mkono. Tukivuna viazi, nisisikie tena neno la kurudi kwetu. Alifikiri, akakubali. Nilikuwa nimemweka mtoto wangu juu ya shamba ambalo halijawahi kutupatia kitu, na msiniulize nilipata wapi ujasiri huo. Ni Bwana, kwa maana mimi nilikuwa nimeshaisha.

Ile mistari mliyochimba, Mama mkwe aliipanda upya mwenyewe. Mbegu ileile kutoka gunia lilelile, na DAP kama alivyozoea. Alisema angalau upande huo umetakaswa.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hata mwenye kusinzia aamke.

Viazi viliota. Sehemu yangu ilitoka na majani mapana, kijani kizito, mashina mengi kwa kila shimo. Mistari ya upande wa njia ikatoka pia, ikafika magotini, ikakwama. Majani yakaanza njano kwenye kingo. Mvua ilinyesha sehemu zote mbili. Jua liliwaka sehemu zote mbili. Chokaa ilikuwa imefika kote. Kitu kimoja tu kilikosekana upande ule, kitu ambacho mlikipeleka mtoni kwa karai mkiimba. Kila mtu aliyepita njiani aliona mpaka ulipo, umenyooka, mahali majembe yenu yalipoishia. Mliona. Nilikuwa nikiwaona mkisimama, mnaangalia, mnaongeza mwendo.

Siku ya kuvuna Mama mkwe aliamka kabla yangu. Alianza na upande wake, ule uliotakaswa. Akachimba, akatoa ndimu. Akachimba tena, akatoa ndimu na kimoja kilichooza. Akavuka mpaka, akaingia kwangu, akapiga jembe. Ndugu zangu, kiazi cha kwanza alikishika kwa mikono miwili. Akafukua shimo lote, vikawa vinafuatana. Akaketi chini palepale kwenye udongo. Akaniomba panga, akakata kimoja katikati. Hakikuwa na shimo. Kilikuwa kimejaa, rangi ya krimu, mpaka katikati. Akakata kingine. Akakata kingine tena, nikaogopa atavimaliza.

Mchana nilichemsha. Vilibaki vyeupe, vikapasuka kidogo kwa unga. Alikula, akaongeza chumvi, akala. Halafu akasema, bila kunitazama, "Wawira, nilikukosea. Nilifungua lango." Alisema hivyo tu. Mama yule hajawahi kumwomba mtu msamaha tangu nimjue, hata mumewe, wanasema. Nilienda nje, nyuma ya jikoni. Baba Kendi naye alinifuata huko na maneno yake, marefu kuliko ya mamake. Hayo ni ya nyumba yetu, yatabaki nyumbani.

Magunia mengine yalienda Maua, na dereva wa lori la samadi ndiye aliyenibebea. Mama mmoja anayekaanga chipsi kule alinipigia simu kuhusu viazi vyangu akasema, "Hizi waru umetoa wapi? Hazinywi mafuta, na haziwi nyeusi. Niletee tu hizo." Nikamwambia zimetoka Meru kwa mlo wa Kiambere. Akacheka, hakuuliza kuhusu pembe.

Nilidhani yameisha. Nilidhani sasa mtu atakuja, hata mmoja, aseme samahani. Mmekuja, kweli. Mmekuja kuomba mbegu. Halafu Mama Karimi akaja na maneno yake ya leo, kwamba shamba limezaa kwa sababu mlilichimba.

Mama Karimi, mimi nakuheshimu, ulinishika mkono nikijifungua Kendi na sitalisahau. Lakini twende pamoja, wewe na mimi, nikuonyeshe. Mlipochimba ndipo pasipozaa. Mlipoacha, kwa sababu mvua iliwafukuza, ndipo palipozaa. Ukichukua shukrani ya kile ulichojaribu kuharibu, hiyo ni kumwibia Mungu mchana, na mbele ya watoto.

Wala sidharau maombi. Asidhani mtu kwamba nimekuja kukataza watu kuomba. Mimi niliomba kuliko nyinyi nyote msimu ule, nikipalilia, nikipandishia udongo, nikiwa kwa magoti kwenye mitaro. Niliomba Mungu asiniache nimpoteze mtoto. Na Mungu alinijibu kwa mambo aliyokwisha kuyaumba: mbuzi, mawe ya chokaa, madini ya ardhini, na mwanamke mmoja wa Embu mwenye subira. Hamkuyatambua kwa sababu yalikuja na mtu ambaye mlishaamua ni nani. Hilo ndilo linaniuma, na litaniuma bado nikishaketi.

Kwa hivyo ushuhuda wangu ndio huu. Namshukuru Mungu kwa kunifungua. Sikuwa nimefungwa na roho ya mbuzi, nilikuwa nimefungwa na midomo ya watu wanaokula meza ya Bwana pamoja nami, na amenifungua nikiwa bado nanyi, katika kanisa hili hili, bila kunihamisha. Namshukuru kwa Mama mkwe, kwa mume wangu aliyekomaa akiwa amechelewa, na kwa mtoto wangu anayelala nyumbani kwetu.

Na nawaalika. Ninajua mashamba yenu, ninayapita njiani. Mama Karimi, la kwako msimu huu lilianza kutoa ndimu, nimeona wanunuzi wakipita bila kusimama. Nendeni mkapime udongo, si kila shamba lina shida moja. Jumamosi hii nachanganya mbolea ya msimu ujao, nyuma ya jikoni yangu, mchana, lango likiwa wazi. Njooni mwone kila kitu kinachoingia. Shikeni kwa mikono yenu. Ulizeni chochote. Ninawagawia ya kuanzia, hata wewe uliyenimwagia mafuta. Mwaminini Mungu, na mkimwamini, acheni kumwogopa jirani.

Lakini sijamaliza, na sitashuka bado. Hilo jina mlinipa kwa sauti, kwenye shamba, kwenye uwanja huu, petroli ikiwaka. Msamaha wa kunong'onezewa kisimani siutaki. Mama mkwe wangu alishasema lake, na yeye simdai kitu. Kendi yuko pale, safu ya pili, amekaa kwa mapaja ya nyanya yake. Ana umri wa kuelewa. Nataka mtu mmoja, yeyote kati yenu mlioshika jembe siku ile, asimame aseme kwamba mama yake si murogi na hajawahi kuwa. Aseme akimtazama mtoto, asinitazame mimi.

Nangoja.